Matembezi Katika Mji wa Kale wa Gede

Watu wa huku kwetu Garissa wakisikia habari za miji ya kale, mawazo yao huenda mbali: Roma, Misri, Yerusalemu, Baghdad. Ni wachache wanaojua ya kwamba basi litokalo hapa kwenda Mombasa, likisha kupita Hola, Garsen na Malindi, hupita karibu na mlango wa mji wa kale wenye kuta za mawe, misikiti, jumba la mfalme na visima. Mji ambao wenyeji wake walikuwa na bakuli za China zaidi ya miaka mia tano iliyopita. Saa ile abiria aghalabu huwa wamelala. Kondakta huita, "Gede!" Mtu mmoja au wawili hushuka na mizigo yao, kisha basi huendelea. Mji wenyewe hauonekani kutoka barabarani, kwa kuwa umesitiriwa na msitu.

Nimeona vema kuwaandikia wasomaji habari za mji huo kwa sababu mbili. Ya kwanza, katika mwaka 2024 shirika la UNESCO liliuandika Gede katika orodha ya mahali pa urithi wa dunia, kama lilivyokwisha kuiandika Lamu mwaka 2001 na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 2011. Haifai watu wa mbali wajue thamani ya kitu kilicho mlangoni petu, na sisi tusiijue. Ya pili, kuna neno lisemwalo juu ya mwisho wa mji huo, nalo linawagusa majirani zetu wa mto Tana. Neno hilo yafaa lipimwe kabla ya kuendelea kusemwa mbele ya watoto.

Mimi ni Mpokomo, mzaliwa wa upande wa Ngao, na kazi yangu ni ukarani wa serikali hapa Garissa. Meza ya pili katika ofisi yetu hukaa karani mwenzangu ambaye ni Mworma. Tumefanya kazi pamoja miaka sita, na tumekula sahani moja mara nyingi. Siku chache kabla ya likizo yangu alinijia akasema, "Ndugu yangu, nasikia unakwenda Mombasa. Mtoto wangu amerudi kutoka shuleni akaniuliza, 'Baba, kwa nini babu zetu waliua mji wa Gede?' Sikuwa na la kumjibu. Wewe umesoma historia kule kwa wamisheni. Ukipata nafasi, pita Gede ukatazame kwa macho yako, unipe habari."

Nilikubali. Wala sikulichukua jambo hilo kuwa dogo, maana sisi wa mto Tana tunajua madhara ya maneno yasemwayo juu ya mababu. Katika mwaka 2012 Wapokomo na Waorma walipigana kule chini kwenye delta ya mto, na kabla ya mapigano kutulia mapema mwaka 2013 watu zaidi ya mia moja walikuwa wamekufa, na wanawake na watoto wakiwamo. Chanzo kilikuwa mashamba, malisho, na malka, yaani njia za kupeleka ng'ombe mtoni. Lakini moto ule ulichochewa na hadithi za zamani za nani alikuja kwanza na nani alimvunjia nani. Kwa hiyo Mworma anapomwomba Mpokomo amchunguzie habari ya babu zake, ni amana kubwa.

Nilipofika Mombasa nilishukia kwa mtoto wa mjomba wangu, ambaye ni dereva wa mabasi ya wageni. Ilitokea kwamba siku ya tatu ingetia nanga Kilindini meli moja kubwa ya watalii izungukayo bahari, nayo ingekaa tangu alfajiri hata jioni. Wageni wa meli za namna hiyo hupewa karatasi ya kuchagua matembezi ya siku moja: wengine huenda kuona Ngome ya Yesu na Mji wa Kale wa Mombasa, wengine huenda Tsavo kuona ndovu. Siku ile kikundi kimoja kilikuwa kimechagua Gede. Mtoto wa mjomba aliomba ruhusa kwa mkuu wa msafara, nikapewa kiti cha mbele kando yake, kwa sharti nisiwasumbue wageni.

Tuliondoka saa moja ya asubuhi. Wageni walikuwa yapata thelathini na watano, wengi wao wazee wenye mvi, kila mmoja amebandikwa kifuani namba ya basi lake ili asipotee. Tulivuka daraja la Nyali, kisha la Mtwapa, tukapita mashamba ya katani ya Vipingo, tukavuka daraja la Kilifi, tukaingia sehemu ambayo msitu wa Arabuko-Sokoke unafuata barabara kwa upande wa kushoto. Mwongozi aliyetoka nao mjini, kijana mwenye Kiingereza kizuri, alikuwa akiwaeleza habari za minazi na korosho. Hata saa nne ilipokaribia tulifika Gede, akawatangazia kwamba wana saa moja na nusu, wala si zaidi, kwa kuwa meli haimngoji mtu.

Sasa niwaeleze mji ulivyo. Gede uko yapata kilomita kumi na sita kusini ya Malindi, ndani kidogo kutoka baharini, karibu na hori ya Mida. Ukuta wake wa nje ulizunguka eka zipatazo arobaini na tano, na ndani yake kuna ukuta wa pili ulio mdogo. Kuta zote ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mibuyu na miti mingine mikubwa imeota katikati ya vyumba. Mahali pengine mizizi imebomoa ukuta, na mahali pengine ni hiyo hiyo mizizi inayoushikilia usianguke. Kima hurukaruka juu ya kuta wakiomba ndizi kwa wageni. Chini ya miti kuna baridi na ukimya, hata watu hujikuta wakisema kwa sauti ya chini bila ya kuambiwa.

Watu walianza kukaa hapo yapata karne ya kumi na mbili, na mji ulistawi sana katika karne ya kumi na tano. Kuna kaburi moja lililoandikwa mwaka wa Hijra 802, yaani mwaka 1399, ambalo limewasaidia wataalamu kupima umri wa vitu vingine. Msikiti mkuu ulijengwa upya katika karne ya kumi na tano. Una kisima chake na mahali pa kutawadhia. Karibu yake liko jumba la mfalme, lenye ua wa baraza na ua wa wanawake, na kadhalika chumba cha hazina kisicho na mlango, ambacho mtu aliingia kwa ngazi kupitia tundu la juu. Nyumba za matajiri zimepangwa bega kwa bega, kila moja ina ua wake, ghala yake na choo chake. Karani aliyewahi kukaa katika nyumba za kupanga, choo kimoja kwa familia sita, hawezi kuvitazama vyoo vile asiwaheshimu waliovijenga.

Nyumba zile hazijulikani kwa majina ya wenyewe, maana majina yao yamepotea. Zimeitwa kwa vitu vilivyookotwa ndani yake. Iko nyumba ya mkasi, nyumba ya simbi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kijisanduku cha pembe, nyumba ya fedha za China, na nyumba ya ushanga wa Venice. Nilisimama mbele ya nyumba ya mkasi nikawaza: mtu huyu alikuwa na cheo, mali, mke na watoto, pengine na kesi barazani, na yote aliyotuachia ya kumtambulisha ni mkasi.

Mambo haya yalijulikana kwa kazi ya miaka mingi. Bwana John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, alifika Gede mwaka 1884. Mwaka 1927 serikali iliutangaza kuwa mahali pa kumbukumbu. Tangu mwaka 1948 hata mwaka 1958 Bwana James Kirkman alichimba humo kwa utaratibu, na mwaka 1954 alitoa kitabu juu ya msikiti mkuu. Katika jina la kitabu hicho aliuita Gede mji wa Waarabu. Wakati ule ndivyo wataalamu wengi walivyofikiri: kwamba kila jengo la mawe katika pwani yetu lilijengwa na mtu aliyeshuka chomboni.

Basi tulipofika msikiti mkuu, mgeni mmoja, bibi mzee aliyekuwa akiandika katika kidaftari, alimwuliza mwongozi, "Wenye mji huu walipatwa na nini?" Yule kijana hakusita. Alijibu ya kwamba mji ulijengwa na Waarabu, ukawa tajiri, kisha Wagala wakatokea kaskazini na mikuki, wakaua watu na kuuvunja. Bibi akaandika. Kikundi kikaendelea mbele, na watu wakapiga picha.

Mimi nilibaki nyuma. Jina hilo, Wagala, ni jina la zamani ambalo wenyewe hawalipendi. Jina lao ni Waoromo, na Waorma wa mto Tana ni tawi lao. Nikayapima maneno yale kama mtu apimavyo hesabu ya ofisi. Kwa hadithi hiyo, mtu wa pwani hakujenga, kwa kuwa aliyejenga ni Mwarabu. Na mtu wa bara kazi yake ilikuwa kubomoa tu. Kwa hiyo katika habari ya mji mzima, uliosimama katika nchi yetu miaka mingi namna ile, Mwafrika ameandikiwa ukurasa mmoja, nao ni ukurasa wa uharibifu. Na ukurasa huo ndio unaosomwa na mtoto wa karani mwenzangu.

Je, mawe yenyewe yanasemaje? Juu ya mlango mmoja wa msikiti ule ule imechongwa ncha pana ya mkuki, nao si mchoro uliozoeleka katika misikiti ya Arabuni. Kadhalika, katika miji ya kale ya pwani, vigae vya China na Uajemi ndivyo vinavyovuta macho ya mtu, lakini vigae vilivyo vingi ni vya vyungu vya udongo wa kienyeji, vilivyofinyangwa na akina mama wa nchi hii. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, Bwana Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980 akakuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine midogo, ya kwanza ikiwa ya miti na udongo, tangu karne ya nane. Maana yake ni kwamba mji haukushushwa melini ukiwa kamili. Ulikua hapo hapo, kutoka kibanda hata jumba.

Tena mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa mifupa ya watu themanini wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Gede haikuwamo, lakini miji hiyo ni ndugu zake. Wataalamu walisoma asili ya watu hao ndani ya mifupa, wakakuta kwamba damu ya Afrika na damu ya Asia zilianza kuchanganyika yapata mwaka 1000. Upande wa Asia ulitoka zaidi kwa wanaume, tena wengi wao wa asili ya Uajemi, na upande wa Afrika ulitoka zaidi kwa wanawake. Basi wageni walikuja, ni kweli, wala haifai kuwafuta. Lakini waliingia katika nyumba za wake zao na wakwe zao, na lugha iliyosemwa na watoto ilikuwa lugha ya mama, yaani hii hii ninayoandikia.

Hayo ni ya mwanzo wa mji. Na mwisho wake je? Kwa jambo hilo nilikwenda kutazama kisima kilicho karibu na msikiti mkuu, kwa kuwa sisi tukaao nchi kavu tunajua kusoma kisima kuliko kusoma kitabu. Wachimbuaji waliona kwamba kisima kile kilichimbwa mara ya kwanza, kisha baadaye kikachimbwa tena kwenda chini zaidi. Wataalamu husema ni dalili ya kwamba maji ya ardhini yalikuwa yakishuka.

Msomaji wa Kisumu au wa Mombasa pengine atalipita neno hilo upesi. Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera hatalipita. Sisi tunajua maana ya kukichimba tena kisima cha baba. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hata mwishoni mwa 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Tuliona ng'ombe wamelala barabarani wasiweze kuinuka, na familia zilizokuwa na mifugo mingi zikija kujenga vibanda kando ya mji. Hakuna adui aliyewafukuza kwa mkuki. Kisima kilipozidi urefu wa kamba, mwenye boma alifunga mzigo. Kisha vijiji vilivyoachwa vilianza kubomoka kwa upepo na mchwa, na mtu apitaye leo angeweza kusema, "Hapa palipigwa vita."

Na maji hayakuwa shida ya pekee. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na mfalme wa Malindi akafanya urafiki na Wareno. Katika mwaka 1589 Wazimba walipanda kutoka kusini wakiteketeza, wakaingia Mombasa, wakashindwa karibu na Malindi kwa msaada mkubwa wa Wasegeju. Baada ya hapo Wareno waliitwaa Mombasa, wakaanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na mfalme wa Malindi akahamishiwa huko. Mfalme akihama, biashara huhama naye. Na Gede ulikuwa jirani wa Malindi. Hata ule ukuta wa ndani wa Gede hudhaniwa kuwa ulijengwa katika karne ya kumi na sita, watu walipokuwa wamepungua, wakawa hawawezi tena kuulinda mji mzima. Kwa hiyo mji ulikuwa umekwisha kupungua kabla hajaonekana Mworoma yeyote katika mashamba yake.

Sisemi kwamba Waoromo hawakufika, wala kwamba walifika wakiimba. Katika karne ya kumi na saba walikuwa wameenea hata pwani ile, na watu wengi wa miji midogo ya bara ya Malindi waliwaogopa wakahama. Hilo ni la kweli, wala haimfai mwenzangu nimfiche. Lakini ni jambo moja katika mambo manne: kisima kilikauka, Wazimba walipita, biashara na mfalme walihamia Mombasa, na wafugaji walishuka kutoka kaskazini. Mtu akichukua la nne peke yake akamwambia mgeni kuwa ndilo lote, hajasema uongo mtupu. Amefanya kitu kibaya zaidi, yaani ametoa robo ya kweli kwa bei ya kweli nzima.

Tena kuna jambo la jina. Mji huu zamani hudhaniwa kuwa uliitwa Kilimani. Jina la Gede ni la baadaye, na wataalamu husema ni la Kioromo, maana yake kitu cha thamani. Nilipolisikia hilo nililifurahia kuliko mengine yote. Watu walikuta mji umekaliwa na miti na bundi, wakauita jina la thamani. Mtu haiti thamani kitu alichokidharau. Hata leo wageni wa kila taifa wakitaja jina la mji huo, pasipo kujua, wanasema neno la Waorma.

Kabla ya kuondoka nilimkuta mzee mmoja wa Kigiriama amekaa kivulini karibu na lango. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Nikamwambia, Garissa, kwa asili ni mtu wa Ngao. Akacheka akasema, "Basi wewe si mgeni, mto wako unamwaga katika bahari yangu." Nikamwuliza wazee wake walisema nini juu ya watu wa mji. Akanijibu, "Wazee walituambia wenyewe wamo bado. Ndiyo sababu hatukati miti humu ovyo, wala hatupigi kelele. Aliyewatoa sikuambiwa. Niliambiwa niwaheshimu." Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza, "Wageni huuliza nani aliua. Hawaulizi nani alitunza."

Nikatazama saa. Wageni walikuwa wakihesabiwa mlangoni pa basi kwa namba za vifuani. Yule bibi mwenye kidaftari alikuja kukaa kiti cha nyuma yangu, na kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza kunisemesha, sikuvunja sharti nilipomjibu. Aliniuliza kama mimi ni mtu wa hapa. Nikamweleza natoka kaskazini, katika nchi ile aliyoambiwa kuwa maadui walitokea. Akashangaa. Nikamweleza habari ya kisima, ya Ngome ya Yesu, ya Wazimba na ya jina la mji. Alisikiliza hata Kilifi. Kisha akafungua kidaftari chake, hakufuta alichokwisha kuandika, akaandika pembeni mistari mingi. Akasema, "Mume wangu alikuwa mwalimu. Angetaka haya yote." Jioni meli iling'oa nanga, naye akaenda zake na yale aliyoyaandika.

Simlaumu yule kijana mwongozi. Ana saa moja na nusu, ana watu thelathini na watano, na hadithi ya mikuki ni fupi tena inapendeza. Hadithi ya maji ni ndefu, wala haina picha. Lakini yafaa tujue ya kwamba hadithi ifupishwayo kwa ajili ya mgeni haibaki kwa mgeni. Mgeni huondoka jioni. Hadithi hubaki hapa, huingia katika vitabu vya shule, kisha hukaa katikati ya jirani na jirani hata siku ya ugomvi, ndipo mtu huichomoa kama silaha iliyofichwa makutini.

Niliporudi Garissa nilimwambia mwenzangu yote, pamoja na yale yasiyompendeza. Nilimwambia: babu zako walifika, na watu waliwaogopa, lakini mji ulikuwa umekwisha kuugua kwa kiu na kwa kukosa biashara, na babu zako ndio waliouachia jina. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Hayo naweza kumwambia mtoto. La kwanza lilikuwa aibu tupu, na mtu hawezi kumlea mtoto kwa aibu tupu." Siku ile ile aliniuliza nauli ya kwenda Gede ni kiasi gani kwa mtu mzima na mtoto.

Sasa nina machache ya kuwashauri wasomaji. Walimu wa shule za Garissa na za Tana River huwapeleka watoto Nairobi kuona majumba marefu. Ni jambo jema, lakini Gede nako kuna somo. Kuna makumbusho mahali hapo hapo, na mtoto anaweza kugusa kwa mkono wake ukuta uliojengwa kabla Wareno hawajaiona pwani hii. Kwa sisi watu wa serikali tupatao likizo mara moja kwa mwaka, ni safari ya siku moja kwa njia ya Hola na Garsen, maadamu mto haujajaa. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na ya mwaka 2024 yalikata barabara karibu na Madogo, kwa hiyo ni afadhali kuepuka miezi ya masika na ya vuli.

Na mwenye watoto, awaulize watakaporudi: si nani aliuvunja mji tu, bali waliujengaje, walikunywa maji ya wapi, walioana na nani, walinunua na kuuza nini, na siku maji yalipopungua walifanya shauri gani na jirani zao. Mto wetu wa Tana una watu wengi kuliko zamani na maji yake hayazidi. Mkulima anataka shamba lifike mtoni, na mfugaji anataka malka isizibwe. Watu wa Gede walikuwa na ukuta, walikuwa na mali, walikuwa na bakuli za China, na hivyo vyote havikuwasaidia. Sisi bado tuna maji na tuna majirani. Mashauri ya malka na mashamba na yafanywe sasa, barazani, wakati kamba ingali inafika majini.